Mstari wa Arobaini na Moja

Rwamishenye, Bukoba
4 Agosti 2024

Mpendwa Kokugonza,

Kosa wanalofanya wengi wanapoanza kazi hii ni kudhani kwamba wanaandika amri. Wamezoea programu za kompyuta, ambako mstari wa kwanza unatekelezwa, kisha wa pili, kisha wa tatu, mpaka mwisho. Wewe huandiki amri. Unaeleza kitu. Programu ya usanisi inasoma maelezo yako, inajiuliza huyu mtu ana kifaa gani kichwani, kisha inatafuta vipande vya kukiunda ndani ya chipu. Inakukisia. Na ikikukisia vibaya haigombi, inaunda tu.

Umeniuliza kwa nini chipu yako imejaa wakati kazi yenyewe ni ndogo: kusoma kasi ya upepo, kuhifadhi vipimo sitini na vinne vya mwisho, kupata wastani, na kuwasha taa nyekundu au ya kijani pale mwaloni, wanakotia nanga wavuvi wa kisiwa cha Goziba. Jibu liko mstari wa kumi na tisa. Ndani ya chipu hiyo kuna bloku za kumbukumbu zilizokuja tayari kutoka kiwandani. Kila moja ni kama ghala la kahawa lenye mlango mmoja: unaingia, unaweka gunia moja au unatoa moja. Ungeandika "andika kipimo hiki kwenye nafasi hii," basi programu ingesema, ahaa, huyu anataka ghala, na ingekupa ghala. Wewe ukaongeza kwamba mtambo ukiwashwa upya nafasi zote sitini na nne zifutwe kwa mpigo mmoja. Ghala la mlango mmoja haliwezi hilo. Programu ikaliacha ghala tupu na kukujengea rejista moja moja, mamia, kana kwamba kila gunia limejengewa nyumba yake. Ndiyo maana uwanja umejaa. Ondoa mstari huo. Vipimo vya zamani vitajifuta vyenyewe vipya vinapoingia.

Mengine umeyasema vizuri. Uliposema thamani ibadilike pale tu saa ya chipu inapopiga, ulipewa rejista. Uliposema ongeza moja kila mpigo, ulipewa kihesabio. Uliposema ikiwa hivi toa hiki, la sivyo toa kile, ulipewa kichaguzi. Nilifurahi. Kidhibiti cha kawaida cha bei ndogo kingetosha kazi hii, lakini chuo chenu kilipewa bodi hizi kama msaada, na mkulima hulima kwa jembe alilo nalo.

Utaratibu wetu ni ule ule wa darasani. Penye kosa nitazungushia penseli nyekundu. Pasipo alama, songa mbele. Nitumie karatasi, si picha za simu, na uchapishe kwa herufi kubwa, maana wino wa printa yenu umefifia. Usishangae mistari yangu ikipanda kilima. Meza hii imelegea mguu.

Mpwa wangu Agnetha anakusalimu. Anasema kibanja chetu cha migomba kinakungoja uje kupalilia kama ulivyoahidi.

Mwalimu wako,
Byabato


Muleba
25 Agosti 2024

Kasinge waitu, Ta Byabato,

Nimeondoa mstari wa kumi na tisa na chipu imebaki na nafasi ya kuchezea mpira. Wanafunzi wangu hapa chuoni walidhani nimenunua chipu nyingine.

Wiki jana nilikwenda Goziba kumwona kaka Julius na kuchagua mahali pa mlingoti. Unamkumbuka Julius, yule aliyekuja kwenye mahafali yangu na viatu vya mpira. Amepata mtumbwi wa injini, anavua sangara na kijana wa Maruku aitwaye Mushumbusi na mzee mmoja wa Ukerewe. Nilipowaeleza habari ya taa, Mushumbusi aliuliza, "Dada, hiyo taa itajua upepo kuliko pua ya Julius?" Julius akasema, "Pua yangu ilishatuzamisha mara mbili, acha taa ijaribu." Wakacheka sana. Mimi sikucheka, Ta. Mwaka jana mwalo ule ulipoteza watu sita.

Mwenyekiti wa mwalo, mzee Rugaibula, amekubali. Sharti lake ni moja: mvuvi asihitaji kufikiri. Kijani, nenda. Nyekundu, kaa. Imezimika, kaa pia, maana huenda betri ya sola imekufa. Nikamwambia hilo la kuzimika nimeshalifikiria.

Nakutumia karatasi tatu kwa dereva wa basi. Mbili za kwanza ni maelezo ya saketi, kwa herufi kubwa kama ulivyoagiza. Ya tatu ni ripoti ya programu ya usanisi, na hiyo imetoka kwa herufi za sisimizi. Nimejaribu kuzikuza, imekataa. Ni ndefu na imejaa maonyo, na wewe ulitufundisha kwamba maonyo mengine ni kelele tu. Sijui yapi ni kelele. Jicho lako litachuja.

Nisalimie Agnetha. Mwambie kupalilia nitakuja, ila jembe alinoe yeye.

Mwanao,
Kokugonza


Rwamishenye
8 Septemba 2024

Mpendwa Kokugonza,

Nimerudisha karatasi zako. Utaona duara mbili. Ya kwanza ni pale kihesabio chako kinapohesabu hadi sitini na tatu huku umekipa biti tano. Biti tano zinaishia thelathini na moja, kisha kinaanza upya na nusu ya ghala lako haitafikiwa kamwe. Kipe biti sita. Ya pili ni pale unapogawanya kwa sitini na nne ili upate wastani. Huhitaji kugawanya. Tupa biti sita za mwisho. Ni sawasawa, na programu haitakuwa na haja ya kukujengea mtambo wa kugawanya.

Mengine sina la kuongeza.

Mzee Rugaibula ana akili. Kifaa kinachomtaka mtu afikiri wakati ana haraka si kifaa.

Mwalimu wako,
Byabato


Goziba
13 Oktoba 2024

Kasinge waitu, Ta,

Imewaka!

Tumesimamisha mlingoti juu ya mwamba, upande wa juu wa mwalo, ambako hata aliye mbali majini anauona. Vikombe vya kipima upepo vinazunguka huko juu, waya unashuka hadi kwenye kisanduku cha chipu, na taa zimekaa juu ya kisanduku. Nilikuja na feni kutoka chuoni. Feni ikikimbia, nyekundu. Ikipoa, kijani. Nilizima betri, taa zikafa, na watu wote wakapiga kelele, "Kaa!" Watoto wameifanya mchezo, mmoja anasimama na kitambaa, wengine wanakimbia na kusimama.

Kwanza walibeza. Mama mmoja anayekaanga samaki aliniuliza kama taa yangu inajua pia ni nani atamlipa. Lakini tarehe tano iliwaka nyekundu saa nane mchana, mbingu ikiwa safi kabisa. Mitumbwi minne ilibaki, watu wakinung'unika. Kabla ya saa kumi dhoruba ikashuka kutoka upande wa Uganda na kuezua bati la kibanda cha barafu. Tangu siku hiyo hakuna anayetoka bila kuitazama. Mushumbusi anaiita "Mama Mkwe" kwa sababu, anasema, ndiye mtu pekee anayemheshimu kabla ya kutoka nyumbani.

Kila ninapowaona wanaigeukia, nakumbuka zile karatasi zako. Nilimwambia mzee Rugaibula, "Mchoro huu umekaguliwa na mtu aliyefundisha miaka thelathini na moja. Karatasi ya tatu nzima haikuwa na duara hata moja." Akasema basi na yeye analala.

Jambo moja dogo tu. Wameanza kufunga kamba za kuanika nyavu kwenye mlingoti wangu. Nimewakataza. Wanasema sawa, kisha nikigeuka wanafunga.

Narudi Muleba kesho kufundisha.

Mwanao,
Kokugonza


Rwamishenye
24 Novemba 2024

Mpendwa Kokugonza,

Wiki tatu sina habari zako. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mchungaji alitangaza tuwaombee watu wa Goziba kwa ajili ya mtumbwi uliopinduka. Hakutaja majina. Nilimtuma Agnetha amuulize, akaambiwa kwamba mmoja ni kijana wa huku kwetu, wa Maruku.

Nimejaribu simu yako. Inaita, nasikia sauti ya upepo na neno halo, kisha inakatika.

Senene wameanza kuanguka. Agnetha amekukaangia, kopo lako ameliweka pembeni. Niandikie hata mistari miwili.

Byabato


Goziba
28 Novemba 2024

Ta Byabato,

Julius yu hai. Amevunjika mkono wa kushoto. Mzee wa Ukerewe yu hai. Mushumbusi hatujampata. Leo ni siku ya kumi na mbili.

Nitakueleza kwa utaratibu kama ulivyonifundisha, maana nikieleza bila utaratibu nitalia na karatasi hii ni ya mwisho niliyonayo.

Tarehe kumi na nne mtu alifunga wavu uliolowa kwenye mlingoti. Wavu ulikuwa mzito, ukavuta, ukachomoa waya wa kipima upepo. Si wote, waya wa umeme ulibaki, wa taarifa ndio uliotoka. Hakuna aliyeona. Wakati huo ziwa lilikuwa shwari na taa ilikuwa ya kijani.

Ikabaki ya kijani. Siku hiyo, na ya pili, na ya tatu. Tarehe kumi na sita mchana upepo ulikuwa umeanza kupiga na mawingu yalikuwa meusi upande wa Uganda. Julius anasema alisimama ameshika kamba ya injini akamwambia Mushumbusi, "Pua yangu inakataa." Mushumbusi akaonyesha mlingoti. "Mama Mkwe ameruhusu. Unabishana na Mama Mkwe?" Wakatoka. Mitumbwi mingine miwili iliwafuata na ikarudi nusu njia.

Wangeenda kwa pua wangekaa, Ta. Miaka yote walikwenda kwa pua.

Nilipofika niliurudisha waya, taa ikawa sawa. Nikauchomoa tena ikiwa ya kijani: kijani. Nikauchomoa ikiwa nyekundu: nyekundu. Inashika rangi iliyokuwa nayo na haiachi. Nilikaa pale chini nikafungua zile karatasi zako, nilikuwa nazo begini. Karatasi ya tatu, katikati, katika zile herufi za sisimizi, programu imeandika: komeo limekisiwa, mstari wa arobaini na moja.

Unakumbuka ulitufundisha. Ukisema ikiwa hivi toa hiki, na ukanyamaza kuhusu la sivyo, programu haiwezi kuacha tundu. Inaona umetaka kitu kiendelee kuwa kilivyokuwa, inaweka komeo, na komeo linafungia ndani thamani ya mwisho. Mimi nilisema: ikiwa taarifa ya upepo ni halali, taa ifuate upepo. Ikiwa si halali, sikusema kitu. Nilijaribu upepo mkali, upepo mdogo, na betri iliyokufa. Sikuwahi kujaribu ukimya.

Programu iliniambia. Iliniambia kwa maandishi. Mimi sikuelewa uzito wake, ndiyo maana nilikutumia. Na karatasi ilirudi nyeupe.

Ta, uliliona lile onyo ukadhani ni kelele? Nataka kujua tu. Hapa nimewaambia kosa ni langu peke yangu.

Kokugonza


Rwamishenye
6 Desemba 2024

Dada Kokugonza,

Ni mimi Agnetha. Ta hajui kwamba nakuandikia, na akijua atanuna mpaka Pasaka, lakini siwezi kumtazama hivi.

Barua yako ilifika Jumanne. Nilimsomea. Akasema soma tena. Nikasoma tena. Akasema nenda kaangalie ndizi zisiungue, na ndizi zilikuwa hazijabandikwa. Tangu hapo anakula vijiko viwili tu na anakaa na penseli yake nyekundu mkononi.

Nimesema "nilimsomea." Labda hukujua. Mimi ndiye ninayemsomea barua zako zote, tangu mwaka jana. Macho yake yameharibika katikati. Anakuona masikio hakuoni uso. Herufi kubwa anaziona akigeuza kichwa kama kuku. Zake anaziandika kwa mazoea ya mkono, ndiyo maana mistari inapanda kilima. Meza haina tatizo lolote. Alinikataza kukuambia. Alisema, "Mwanafunzi akijua mwalimu haoni, hataleta tena karatasi."

Zile karatasi tatu za Agosti nilikuwepo. Mbili alizisoma kwa siku nne, jicho likichuruzika. Ya tatu aliisogeza dirishani, akairudisha, akaisogeza. Nikamwambia nipe nikusomee. Nilipoanza nikakwama, si Kiswahili, si Kiingereza cha shule, namba na mistari. Akaniambia, "Acha, mtoto huyu ni makini, hakutakuwa na kitu." Akazikunja.

Basi. Nimesema. Kopo lako la senene liko palepale.

Agnetha


Goziba
12 Desemba 2024

Ta Byabato,

Agnetha ameniandikia. Usimnunie.

Nimeandika barua hii mara tatu na kuichana mara mbili, kwa hiyo hii itakuwa fupi. Ungesema "hii sikuiona," ningetafuta mwingine wa kuiona. Ningekwenda nayo Mwanza kwa miguu. Darasani ulitufundisha kwamba pasipo duara ni salama, na mimi nikaisimamisha salama hiyo juu ya mwamba na watu wakaiamini. Hilo ndilo linaloniuma. Macho kuharibika si kosa.

Hapa mambo ni magumu. Vijana wanataka kuung'oa mlingoti na kuutia majini. Julius, na mkono wake kwenye bandeji, amewazuia. Anasema, "Mkiing'oa mtarudi kwenye pua, na pua ilishaua sita mwaka jana. Irekebisheni." Mmoja akamwambia, "Wewe unamtetea dada yako." Julius akajibu, "Mushumbusi alikuwa ameshika mguu wangu. Nilihisi alipoachia. Usinifundishe ninamtetea nani."

Mzee Rugaibula amenipa hadi tarehe ishirini na moja. Siku hiyo mwalo wote utakaa na kuamua.

Nimeandika upya. Sasa nimeanza kwa kusema taa ni nyekundu. Kisha ndipo nikasema lini iwe ya kijani: taarifa ikiwa halali na upepo ukiwa mdogo, vyote viwili. Kwenye ripoti mpya sioni tena neno komeo. Lakini siyaamini macho yangu tena, Ta, na sijathubutu kuipakia kwenye chipu. Nakutumia karatasi tatu. Sijui kwa nini nakutumia wewe. Labda kwa sababu sina mwingine anayejua lugha hii kutoka hapa hadi Mwanza.

Safari hii usirudishe karatasi nyeupe.

Kokugonza


Rwamishenye
18 Desemba 2024

Mpendwa Kokugonza,

Anayeandika ni Agnetha, maneno ni yangu. Nimemwambia asinipambe.

Uliuliza kama niliona onyo nikadhani ni kelele. Sikuliona. Sikuweza kuusoma ukurasa huo, na nilijua siwezi, na nikaukunja. Hata mstari wa arobaini na moja wenyewe, ambao ulikuwa mwisho kabisa wa karatasi ya pili kwa herufi kubwa, niliusoma. Nikaona "ikiwa" bila "la sivyo." Nikajiambia la sivyo yake itakuwa karatasi inayofuata. Na karatasi inayofuata ndiyo hiyo. Mwalimu wa miaka thelathini na moja alijaza tundu kwa alichozoea: kwamba Kokugonza huwa hakosei. Nilikufanyia wewe kile mstari ule ulichoifanyia taa.

Niliogopa. Wewe ndiye mwanafunzi wangu wa mwisho. Binti yangu aliye Dar alishasema siku nikishindwa kusoma atakuja kunichukua, na nyumba hii ifungwe. Haya nakuambia uyajue. Hayapunguzi chochote.

Jumamosi tulikwenda Maruku, mimi na Agnetha, kwa mama yake Mushumbusi. Anaitwa Kokubanza. Wamekaa msibani bila kaburi, majani yametandikwa, watu wanakuja na kuondoka hawajui waseme pole ya nini, ya aliyekufa au ya aliyepotea. Nilijitambulisha. Nilimweleza kila kitu, hata ukurasa nilioukunja. Nilipofika kwenye habari ya komeo akainua mkono ninyamaze. Agnetha ndiye aliyeniambia kwamba ameinua mkono, mimi niliendelea kusema kama mpumbavu.

Akasema, "Mzee, mimi sijui habari za makomeo. Mwanangu aliniambia kuna taa sasa. Nikalala usingizi, mara ya kwanza tangu aende kule. Mlinilaza."

Baadaye akauliza, "Na sasa ile taa inasema nini?" Nikamwambia inarekebishwa, isipojua iseme nyekundu. Akauliza, "Kwa nini haikusema hivyo tangu mwanzo?" Nikamwambia, kwa sababu sisi wawili hatukuiambia. Aliinuka akaingia ndani. Hakutuletea kahawa ya kutafuna, ile ya kukaribisha mgeni, na sikuitarajia. Utakapokuja Bukoba tutakwenda tena, mimi na wewe, na asipotupa tena tutakaa hivyo hivyo.

Sasa karatasi zako. Tumezisoma siku tatu. Agnetha hajui lugha lakini anajua herufi. Mimi ninajua lugha lakini herufi sina. Amenisomea kila neno, kila namba, kila nukta, nami nikachora saketi kichwani, na pale ambapo hatukuelewana tulirudi mwanzo wa mstari. Karibu tugombane mara sita. Karatasi ya kwanza ameandika kwa mkono wake: sawa. Ya pili: sawa. Ya tatu, ripoti, ina maonyo kumi na saba. Kumi na sita ameandika pembeni yake kila moja ni ya nini na kwa nini halidhuru. La kumi na saba linahusu miguu ya chipu na voltiji ya bodi, ambayo hukunitumia mchoro wake. Hapo ameandika: sijaona. Mchoro unao wewe. Litazame mwenyewe, umwonyeshe na mtu wa pili, kabla hujapakia. Taa yenyewe haina komeo tena. Programu safari hii imekupa vichaguzi viwili na hakuna kinachoshika ya jana.

Utaratibu wa darasani nimeufuta. Ulikuwa mbaya tangu siku ya kwanza, ila wanafunzi wangu walikuwa wazuri kiasi kwamba haukuonekana. Kuanzia sasa hakuna karatasi itakayotoka kwangu nyeupe. Kila ukurasa utakuwa na neno: sawa, kosa, au sijaona. Binti yangu nimempigia simu nikamwambia habari ya macho. Atakuja Januari. Tutaona.

Mwalo ukikaa tarehe ishirini na moja, msomee mzee Rugaibula barua hii yote mbele ya watu, usiruke sehemu yangu. Halafu usiwaombe wakuamini. Usiwaombe waniamini mimi wala karatasi zetu. Mtu aliyeamini karatasi nyeupe yuko majini.

Siku hiyo, ukiwa umeshapakia maelezo mapya, waite wote chini ya mlingoti, subiri taa iwe ya kijani, chomoa waya wa kipima upepo kwa mkono wako, na mtu yeyote asiondoke pale mpaka ameiona ikiwa nyekundu.

Byabato

(Sahihi ni yake. Nilimshikia karatasi tu. Agnetha.)